Vifaa vya uso vya nyumbani: kipi kinaifaa ngozi nyeusi, kipi kitaiachia doa

Mdogo wangu wa Tanga alinitumia picha tatu kwa mpigo: barakoa inayowaka taa nyekundu, rola yenye sindano ndogo ndogo, na kimashine cha kufyonza uchafu wa puani. Chini yake akaandika, "Dada, nichukue kipi? Nina laki mbili tu." Ana chunusi za kidevuni ambazo kila zikipona huacha doa jeusi, na doa ndilo linalomuumiza kuliko chunusi yenyewe.

Nilimjibu kwa ujumbe wa sauti mrefu na bado nikaona sijamaliza. Ninayaandika hapa kwa sababu najua si yeye peke yake anayeangalia picha hizo usiku akiwa na hela mkononi.

Matangazo mengi ya vifaa hivi yanaonyesha nyuso nyeupe. Uso mweupe ukikosewa huwa mwekundu siku mbili tatu, kisha unarudi. Kwetu si hivyo. Ngozi yenye melanini nyingi, yaani ile rangi ya asili ya ngozi, ikichubuka, ikiungua au ikivimba, hujitetea kwa kumwaga rangi zaidi pale palipoumia, na doa hilo hukaa miezi. Rangi ikishuka hadi tabaka la chini, inaweza kukaa miaka. Kwa hiyo kila kifaa nakipima kwanza kwa swali moja: kikikosea, kitaniachia nini usoni? Nguvu zake nauliza baadaye.

Barakoa ya mwanga: nyekundu na buluu si mamoja

Hiki ndicho kifaa ninachokiheshimu kuliko vyote, na pia ndicho kinachouzwa kwa maneno mengi yasiyo na msingi. Asili yake si ya saluni. Mwaka 1967 daktari wa Hungaria, Endre Mester, alikuwa akiwamulika kwa leza dhaifu panya walionyolewa manyoya, akaona manyoya yanaota upesi zaidi pale palipomulikwa. Miaka ya 1990 taa za LED zilizokuwa zikitumika katika utafiti wa NASA wa kuotesha mimea angani zikaanza kujaribiwa kwenye vidonda. Barakoa tunazoziona leo zimetoka katika ukoo huo.

Mwanga mwekundu wa nanomita 630 hadi 660 hivi, mara nyingi ukifuatana na infraredi ya karibu 830 ambayo macho hayaioni, hupenya ngozi na kuzichangamsha seli zinazotengeneza kolajeni, protini inayoipa ngozi uimara. Kwa miezi miwili au mitatu ya kujituma, mikunjo midogo hulainika kiasi na uvimbe wa chunusi hutulia. Hauchubui wala hautoboi. Ukikosea kwa kuutumia kidogo, umepoteza muda wako tu. Kwa ngozi inayoshika madoa, hiyo ni sifa kubwa.

Mwanga wa buluu, karibu nanomita 415, una kazi nyingine. Bakteria wa chunusi hutengeneza kemikali ziitwazo porfirini, na porfirini zikipigwa na mwanga huo huzaa oksijeni kali inayowaua bakteria wenyewe. Ni jambo la kweli, na kwa chunusi ndogo na za wastani buluu ikichanganywa na nyekundu husaidia. Tatizo ni kwamba mwanga huohuo huiamsha melanini yetu. Mwaka 2010 watafiti wa Hospitali ya Henry Ford, Detroit, walionyesha kwamba mwanga unaoonekana kwa macho huikoleza rangi ngozi nyeusi na ya kahawia, huku ngozi nyeupe iliyomulikwa vivyo hivyo ikibaki kama ilivyokuwa. Majaribio yaliyofuata yakaonyesha kwamba mkosaji mkubwa ni buluu, na kwamba nyekundu haikuacha rangi hiyo.

Ndiyo maana namwambia mtu mwenye madoa au mabaka ya mashavuni, yale yanayowapata wengi wakati wa ujauzito au wakitumia vidonge vya uzazi wa mpango: chukua nyekundu, buluu iache. Mwenye chunusi bila historia ya madoa anaweza kuijaribu buluu, kwa muda mfupi, akiuangalia uso wake kwa makini. Tangazo la "taa ya LED ya chunusi" halitakutenganishia hayo mawili.

Barakoa ya rangi 7 usiione kuwa bora kuliko ya rangi 2. Kijani, njano na zambarau hazina ushahidi unaokaribia ule wa nyekundu. Muulize muuzaji namba mbili: urefu wa wimbi kwa nanomita, na nguvu ya mwanga kwa kila sentimita ya mraba. Asipozijua, na hazipo kwenye kijitabu, unanunua taa ya mapambo. Hapo ndipo bei zinapotengana. Barakoa zinazotangaza namba zake, kama Omnilux, Marekani huuzwa kwa karibu dola 400, ilhali zile za laki moja za mtandaoni mara nyingi zinamulika bila kutaja chochote.

Kuna watu ambao sitawashauri barakoa yoyote kabla hawajaonana na daktari. Mwaka 2019 Neutrogena iliondoa sokoni barakoa yake ya mwanga wa chunusi, baada ya wasiwasi juu ya macho ya watu wenye maradhi fulani ya jicho au wanaotumia dawa zinazoifanya ngozi na macho visivumilie mwanga. Mojawapo ya dawa hizo tunayo sana: doksisaiklini, ambayo wengi hupewa kwa ajili ya hizohizo chunusi. Na ndugu zetu wenye ualbino, ambao macho yao huumizwa na mwanga tangu kuzaliwa, wasiivae barakoa kwa sababu tu jirani imemfaa.

Ukiamua kuinunua, jua unanunua ratiba. Ni dakika 10 hadi 20, mara tatu hadi tano kwa wiki, uso ukiwa umeoshwa na mkavu. Anayejijua atachoka wiki ya tatu, hela hiyo aipeleke kwenye mafuta ya kujikinga na jua.

Mkondo mdogo wa umeme: kwa umbo, si kwa madoa

Hiki ni kile kifaa chenye vichwa viwili vya chuma unavyovipitisha kutoka taya kwenda sikioni. Hupeleka umeme mdogo sana, chini ya miliampea moja, hadi kwenye misuli ya uso. Kampuni ya NuFACE ndiyo iliyokifanya kijulikane. Ukimaliza, shavu linaonekana limeinuka, na kwa macho yangu mwenyewe nimeliona. Linashuka tena. Watengenezaji wenyewe wanakutaka utumie dakika tano kwa siku, siku tano kwa wiki kwa miezi miwili, kisha uendelee mara mbili au tatu kila wiki bila kikomo. Ushahidi wa faida ya kudumu ni mwembamba.

Ukikiweka kando ya barakoa nyekundu: vyote viwili havichubui, vyote viwili vina bei kubwa, vyote viwili vinadai utumwa wa ratiba. Tofauti ni kwamba mkondo hauna kazi yoyote kwa chunusi wala kwa doa, na unakula jeli. Bila jeli ya kupitisha umeme unachoma choma, na jeli ikiisha unanunua nyingine. Mwenye kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo, mwenye kifafa na mjamzito wasiuguse. Bibi harusi anayetaka taya lionekane vizuri kwenye picha za Jumamosi atafurahi nao. Mwenye madoa ya kidevuni, hapana.

Rola ya sindano: bei ndogo, hatari kubwa

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ni kifaa kinachonunuliwa na wengi. Ni cha bei nafuu, kinatoshea kiganjani, na anayekiuza anakuonyesha picha za makovu yaliyofutika.

Picha hizo zinaweza kuwa za kweli, ila si za rola hiyo. Tiba ya sindano inayofuta makovu ya mashimo hufanywa na mtaalamu kwa sindano za milimita 1 hadi 2, ngozi ikiwa imetiwa ganzi, kwa kalamu inayozama wima. Na tiba hiyo, kwa mikono inayojua, ni miongoni mwa zinazovumiliwa vizuri na ngozi nyeusi, kuliko leza nyingi. Sina ugomvi nayo hata kidogo. Rola ya nyumbani ya milimita 0.2 au 0.3 ni kitu kingine: inasaidia seramu ipenye zaidi, basi. Na kwa kuwa inazunguka, kila sindano inaingia kwa mshazari na kutoka kwa mshazari, ikivuta ngozi. Anayeona milimita 0.3 haimletei kitu huagiza ya 1.5, akajichoma mwenyewe mbele ya kioo cha bafuni. Huyo ndiye ninayemwogopea.

Hesabu yanayoweza kutokea. Rola ikipita juu ya chunusi iliyoiva, inazibeba bakteria na kuzipanda shavu zima. Ngozi iliyotobolewa huvimba, na uvimbe kwetu ni doa. Mwenye asili ya makovu yanayovimba na kupanda, yale tunayoyaona kwenye masikio yaliyotogwa au kifuani, anaweza kuyaotesha usoni. Seramu ya vitamini C ikipakwa papo hapo juu ya matundu inaweza kuzua vinundu vya mzio. Hilo limeandikwa katika majarida ya madaktari wa ngozi, kwa tiba iliyofanywa kwenye spa, sembuse bafuni.

Halafu kuna kuazimana. Dada na dada, mtu na wifi yake, wasichana wa bweni moja: "niazime nipitishe kidogo." Sindano iliyotoka na damu ya mtu, hata damu usiyoiona, inaweza kubeba homa ya ini aina ya B. Virusi hivyo huweza kuishi nje ya mwili kwa siku 7 au zaidi, na kuisuuza rola kwa maji ya bomba hakuviui. Rola ikishatumiwa na mtu mmoja ni yake peke yake kama mswaki, na kwa kweli zaidi ya mswaki.

Ukiniuliza rola au barakoa nyekundu, sisiti. Rola ni rahisi siku ya kuinunua na ghali siku ya kuanza kutafuta dawa ya madoa.

Kufyonza, mvuke, brashi

Hivi vitatu navipita haraka.

Kimashine cha kufyonza kinaacha duara la damu iliyovilia pale kilipong'ang'ania, na duara hilo kwenye ngozi nyeusi huishi muda mrefu kuliko weusi wa puani uliotaka kuuondoa. Vile vijidoa vya puani vingi ni mafuta ya kawaida ya vitundu vya ngozi, vikifyonzwa leo vitajaa tena baada ya wiki chache. Kipamba chenye asidi ya salisiliki mara mbili au tatu kwa wiki hufanya kazi hiyo kwa upole.

Mashine ya mvuke haifungui vitundu vya ngozi, kwa sababu vitundu hivyo havina misuli ya kufunga na kufungua. Inalainisha uchafu, na hilo bakuli la maji ya moto na taulo linalifanya vilevile, kama tunavyojifukiza tukiwa na mafua. Mwenye mabaka ya mashavuni asiutumie mvuke wowote usoni: joto peke yake huyakoleza. Hilo watu wa mikoa ya joto tungelijua zaidi kuliko wengine, na bado saluni humvukiza kila mteja.

Brashi za umeme za kuoshea uso ziliwahi kuvuma. Clarisonic, chapa iliyouanzisha mtindo huo, ilifungwa na L'Oréal mwaka 2020. Brashi ya silikoni, ya umeme au ya mkono, ni safi zaidi kuliko ya nywele kwa kuwa haihifadhi unyevu. Itumie kwa wepesi, jioni tu. Kwa ngozi yenye chunusi mbichi vidole vinatosha. Waliolelewa na bibi wa pwani wanaojua kupaka liwa watakumbuka kwamba mkono wa bibi haukuwahi kusugua. Ulikuwa unapaka, unaacha, unasuuza.

Mashine ya mwanga ya kuondoa nywele

Hii naiweka hapa kwa sababu wanawake wengi huinunua kwa ajili ya nywele za kidevuni, na wanaume kwa ajili ya vipele vya ndevu. Inaitwa IPL, na wengi huichanganya na leza.

Inafanya kazi kwa kuutafuta weusi. Mwanga hupiga melanini ya unywele, unywele unapata joto, shina lake linadhoofika. Kwa mtu mweupe mwenye nywele nyeusi, mashine inaona kitu kimoja cheusi. Kwa mtu mweusi inaona weusi kila mahali, na ngozi ya juu ndiyo inayopokea moto kwanza. Matokeo yake ni kubabuka, malengelenge, doa jeusi au baka jeupe. Mashine zinazoheshimika, kama Lumea ya Philips, zina chati ya rangi za ngozi na kihisio kinachokataa kuwaka juu ya ngozi nyeusi sana. Mashine za bei chee zisizo na kihisio zitawaka juu ya ngozi yoyote. Hapo kile kinachoonekana kama kasoro ya mashine ya ghali, kukataa kufanya kazi, ndicho kinachokuokoa.

Kwa ngozi yetu ipo leza ya Nd:YAG ya nanomita 1064, inayopita juu ya melanini ya ngozi bila kuishika sana na kwenda chini kwenye shina la unywele. Hiyo ni ya kliniki, si ya chumbani. Mwenye vipele vya ndevu anayesubiri kuipata aache wembe unaokata hadi ndani ya ngozi; atumie mashine ya kunyolea inayobakiza milimita 1 ya nywele, na mwezi mmoja tu utamwonyesha tofauti. Na dada ambaye nywele za kidevuni zimeanza ghafla, huku hedhi ikiwa imevurugika, aonane na daktari kabla ya kununua mashine yoyote. Huenda tatizo liko kwenye homoni.

Mwenye ualbino naye mashine hii haimfai, kwa sababu iliyo kinyume: nywele zisizo na melanini haizioni.

Kabla hujalipa

Maneno "FDA", yaani mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, yakiwa kwenye boksi yasikutie imani ya haraka. Vingi vya vifaa hivi, vinapokuwa na ruhusa ya kweli ya Marekani, vimeruhusiwa kwa kufanana na kifaa kilichokuwapo sokoni, na hilo ni tofauti na kuthibitishwa kwamba vinatibu. Pia FDA haitoi vyeti vya usajili, kwa hiyo cheti chenye muhuri na nembo yake ambacho muuzaji anakuonyesha kwenye simu hakikutoka kwake.

Angalia chaja. Kifaa anachokutumia shangazi wa Houston kinaweza kuwa cha volti 110–120 peke yake, na soketi ya Tanzania ina 230, ya Kenya 240. Ukiona kwenye chaja pameandikwa 100–240V uko salama. Usipoona, usichomeke. Vinavyochajiwa kwa waya wa simu ndivyo visivyosumbua, na umeme ukikatika unaendelea.

Na jambo ambalo hakuna boksi litakalokuuliza: unapaka nini? Aliyetumia mkorogo, au krimu ya kung'arisha yenye haidrokwinoni, zebaki au steroidi, ana ngozi iliyokonda na isiyo na ulinzi wake. Sindano, mvuke, kufyonza na mwanga wa IPL juu ya ngozi hiyo ni kuichoma mara ya pili. Simlaumu mtu; najua maneno tunayoambiwa tangu utotoni kuhusu rangi zetu. Ninachoomba ni kwamba amwone daktari wa ngozi kwanza, kwa sababu hata kuiacha krimu ya steroidi kwa ghafla huufanya uso uwake. Kwa walio kaskazini mwa Tanzania, hospitali ya KCMC, Moshi, pana kituo cha kufundishia madaktari wa ngozi tangu 1992, na wagonjwa wa aina hii si wageni kwao.

Mdogo wangu alichagua nini

Nilimpigia simu nikamuuliza anatumia dawa gani. Doksisaiklini, alisema, wiki ya tatu sasa. Picha ya barakoa ikatoka hapohapo. Rola ikatoka kwa sababu ya chunusi zilizoiva. Kifyonzaji hatukukijadili.

Laki mbili zake tulizigawa hivi: sabuni ya uso isiyokausha, krimu ya benzoili peroksaidi ya asilimia 2.5 ya kugusa chunusi usiku, na mafuta ya kujikinga na jua yenye rangi, ya kiwango cha kinga (SPF) 30 au zaidi. Nilisisitiza yawe na rangi kwa sababu oksidi ya chuma inayoyapa rangi hiyo ndiyo inayozuia mwanga unaoonekana. Mafuta meupe ya kawaida huzuia zaidi miale isiyoonekana na kuuachia huu unaokoleza madoa. Hela iliyobaki inakaa. Akimaliza dozi na daktari akiridhika, ataongezea taratibu hadi apate barakoa ya mwanga mwekundu yenye namba zake kamili, hata kama ni mwakani.

Kila Jumapili asubuhi anasimama dirishani, dirisha lilelile, saa mbili, bila poda, ananitumia picha ya kidevu. Nimeziweka kwenye albamu moja kwenye simu. Ya wiki iliyopita ni ya sita, na doa la upande wa kushoto, lile kubwa, limeanza kufifia ukingoni.